Afya: Namna Uswidi inavyowafuatilia wagonjwa waliopasuliwa ngiri

Mgonjwa wa ngiri, ugonjwa ambao wengi huuita mshipa, akishapasuliwa hurudi nyumbani, na mara nyingi daktari hamuoni tena. Ngiri ikirudi baada ya miaka mitatu, anaweza kwenda hospitali nyingine. Daktari wa kwanza atabaki akiamini kwamba kazi yake ilifaulu.

Nchini Uswidi, hospitali nane zilianza mwaka 1992 kuandika kila upasuaji wa ngiri ya kinena katika daftari moja la pamoja. Leo karibu hospitali zote za nchi hiyo zinashiriki. Huandikwa aina ya ngiri, njia ya upasuaji, kama wavu uliwekwa ili kuimarisha ukuta wa tumbo, na kama ilikuwa dharura. Kila mkaaji ana namba moja ya utambulisho kwa maisha yote. Akipasuliwa tena popote nchini, namba hiyo inaunganisha upasuaji wa pili na ule wa kwanza.

Daftari hilo lilifichua jambo zito kuhusu wanawake. Kati ya wale waliopasuliwa tena, karibu 4 kwa 10 walikutwa na ngiri ya paja. Kwa wanaume ni chini ya 5 kwa 100. Huenda wengi walikuwa nayo tangu mwanzo, lakini haikuonekana. Ngiri hiyo hunasa utumbo kwa urahisi, na upasuaji wa dharura huua zaidi kuliko ule uliopangwa. Ndiyo maana madaktari hushauri mwanamke mwenye ngiri asisubiri.

Lakini daftari huhesabu anayerudi kupasuliwa, si anayevumilia kimya. Watafiti walipowauliza wagonjwa miaka miwili hadi mitatu baada ya upasuaji, 31 kwa 100 walisema bado wanasikia maumivu, na 6 kwa 100 walisema yanawazuia katika shughuli za kila siku.

Mashariki mwa Uganda, wanaume 302 walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Baadhi yao waliwekewa wavu wa kiwandani unaogharimu zaidi ya dola 100, wengine kitambaa cha chandarua kilichosafishwa hospitalini, cha dola moja hivi. Matokeo yalitolewa mwaka 2016: ngiri ilirudi kwa mtu mmoja tu, wa kundi la chandarua. Bila kuwaita tena wagonjwa hao, hakuna ambaye angejua.

Nchini Kongo, ambako wengi hujitambulisha kwa kadi ya mpiga kura, kumfuata mgonjwa toka hospitali moja hadi nyingine si rahisi. Hata hivyo, hospitali inaweza kuanza na kidogo: jina kamili, kijiji, namba ya simu ya mgonjwa na ya ndugu yake, aina ya upasuaji, kisha kumpigia simu baada ya mwaka kumuuliza kama uvimbe au maumivu yamerudi.