Kwa Nini Kahawa Nyingine Huwa Chungu?

Wape watu watatu kahawa ya shamba moja, iliyokaangwa pamoja, kisha kila mmoja aipike kwa njia yake. Huenda ukapata kinywaji kimoja kichungu, kingine kikali kama ndimu, na cha tatu kitamu. Shamba ni lile lile na moto wa kukaangia ni ule ule. Kilichobadilika ni kazi ya maji.

Katika uzito wa kahawa iliyokaangwa, karibu asilimia 30 tu yaweza kuyeyuka majini. Navyo vitu hivyo havitoki kwa pamoja. Asidi hutangulia, vyenye utamu hufuata, na vile vichungu na vyenye ukakasi hukawia nyuma. Katika miaka ya 1950, mwanasayansi wa Marekani Ernest Lockhart alipendekeza kwamba maji yachukue baina ya asilimia 18 na 22 ya uzito wa unga. Yakichukua pungufu, ukali huzidi. Yakipita hapo, uchungu hutawala.

Mwambaoni kahawa huchemshwa kwa muda mrefu katika dele juu ya makaa, na maji yanayotokota huvuta kila kiwezacho kuvutwa. Hilo si kosa. Mnywaji wa barazani huutaka uchungu huo, naye ana kashata mkononi ya kuupooza. Lakini atafutaye ladha ya buni yenyewe hataipata humo.

Njia ya pili ni kuloweka: maji ya moto humiminwa juu ya unga wa chengachenga, ukaachwa dakika 4, kisha ukachujwa. Kadiri maji yanavyojaa kahawa, ndivyo yanavyovuta polepole. Kwa hiyo anayeanza kujifunza hakosei sana.

Njia ya tatu, ya chujio la karatasi, ilibuniwa na Melitta Bentz wa Dresden, Ujerumani, mwaka 1908. Hapa maji mapya hupita juu ya unga kila mara, na usagaji una maana kubwa: unga laini mno huyazuia maji, nayo yakakaa humo hadi yakatoa uchungu. Karatasi hunasa pia mafuta ya kahawa. Mafuta hayo yana kafestoli, inayoongeza kolesteroli katika damu. Anywaye vikombe vingi kila siku vya kahawa isiyochujwa kwa karatasi yampasa kulijua hilo.

Vitabu vingi hushauri maji ya nyuzi 92 hadi 96 za Sentigredi. Mkazi wa Dar es Salaam, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100, na angoje kidogo baada ya kuepua. Nairobi, iliyo juu sana kuliko usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na yaweza kumiminwa papo hapo.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa gramu 30 za unga na nusu lita ya maji. Pitisha maji katika chujio, ukikinga kinywaji katika vikombe vinne kwa zamu. Tumia vyombo vya jikoni. Bilauri za maabara zisitumike kamwe. Wanafunzi waonje kuanzia kikombe cha kwanza, kizito na kikali, hadi cha nne, chenye rangi ya chai hafifu na uchungu mkavu. Kisha vyote vichanganywe, waonje tena.