Ukusanyaji wa Mifupa ya Dinosaria huko Tendaguru

Yeyote apitaye Kariakoo, jijini Dar es Salaam, huwaona wachukuzi wakibeba magunia mazito. Jina la mtaa huo lenyewe latokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Miaka michache kabla ya vita hivyo, wapagazi wa kusini mwa nchi yetu walibeba mzigo wa ajabu zaidi: mifupa iliyogeuka mawe.

Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa kwenye kilima cha Tendaguru, Lindi. Uchimbaji mkubwa ulianzishwa mwaka 1909 na Werner Janensch na Edwin Hennig, ukaendelea hadi 1913. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani.

Mfupa uliokaa ardhini miaka milioni 150 huwa mzito kama jiwe, lakini huvunjika kama chungu. Kwa hiyo hauvutwi. Kwanza huondolewa udongo, huandikwa mahali na jinsi ulivyolala, kisha huimarishwa kwa gundi na kufunikwa kwa plasta. Huko Tendaguru udongo mwekundu na mianzi pia vilitumika. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa, kisha Berlin.

Je, mifupa iliyopatikana yatueleza yote? La. Kentrosaurus, mla mimea mwenye miiba mgongoni, twamjua zaidi kwa mapaja na miiba kuliko kwa kichwa, kwani mifupa ya fuvu lake ilikuwa myembamba. Pachycephalosaurus wa Amerika Kaskazini ni kinyume: utosi wake ulifikia unene wa sentimita 25, hivyo utosi hupatikana mara nyingi, na mwili kwa nadra. Kinachodumu ni kile kilichokuwa kinene.

Hata kilichodumu chaweza kupotea. Katika Vita Kuu ya Pili, baadhi ya mifupa ya Tendaguru iliharibiwa Berlin kwa mabomu. Iliyobaki ni michoro na maelezo yake tu.

Basi mwanafunzi akiona mfupa wa mawe, asiung'oe. Aandike mahali, auchore, kisha amwarifu mwalimu wake, naye awaarifu wataalamu wa makumbusho. Kalamu na itangulie jembe.