Joto la Elwak na Fukuto la Mombasa

Kila nikirudi na lori kutoka Elwak, majirani huniuliza lile lile: "Huko si ndiko jahanamu yenyewe?" Kwa kipimajoto, ndiyo, Elwak imetuzidi. Lakini mimi hulala vizuri kule kuliko hapa Kisauni mwezi wa Machi, na sababu ni maji tusiyoyaona.

Hewa hubeba maji yakiwa mvuke, na kadiri inavyopata joto ndivyo inavyoweza kubeba mengi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 15 hujaa kwa gramu 13 hivi. Ya nyuzi 25 hujaa kwa 23, na ya nyuzi 35 kwa karibu 40. Ile asilimia ya unyevu tunayosikia redioni inasema tu nafasi hiyo imejaa kiasi gani, na ndiyo maana inatupoteza. Chukua Mombasa alfajiri, nyuzi 25, unyevu asilimia 95. Saa nane mchana ni nyuzi 31 na unyevu umeshuka hadi 68. Utasema hewa imekauka. Wapi! Maji ni yale yale, gramu 22. Nafasi ndiyo iliyopanuka.

Kwa hiyo mimi hupendelea kipimo kingine, kiwango cha umande: joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo hushindwa kushika mvuke wake na kuanza kuumwaga. Hewa yetu hiyo ya Mombasa, kiwango chake ni kama nyuzi 24, alfajiri na mchana. Sasa tuseme Elwak ni nyuzi 35 na unyevu asilimia 30. Kiwango cha umande ni 15 tu, gramu 12 za maji, karibu nusu ya tulizo nazo sisi.

Jaribu kwa bilauri. Maji ya nyuzi 20 ukiyaweka mezani Mombasa, bilauri italowa nje, kwa sababu kioo kiko chini ya 24. Elwak mchana huo itabaki kavu. Soda iliyotoka frijini hulowa kote kuwili, ila kule kidogo. Maji hayo hayakupenya kioo, yametoka hewani, kama yale yanayodondoka nyuma ya kiyoyozi.

Mtungi nao huenda kinyume. Maji hupenya udongo, hukauka nje, na yakikauka huondoka na joto. Elwak, mji ulioitwa kwa visima vyake, mtungi kivulini waweza kushusha maji hadi nyuzi 22 au 23 bila stima wala barafu. Mombasa mchana ule wa nyuzi 31 hautashuka chini ya 26. Hewa iliyokwisha shiba haina haja ya maji zaidi.

Na mwili wa binadamu ni mtungi. Utingo mmoja tuliyekuwa naye, kijana wa Likoni, alianguka kwa kizunguzungu tukipakua mizigo. Nilipomuuliza kwa nini hanywi maji akajibu, "Mbona sijatoka jasho, ami?" Mgongoni shati lake lilikuwa na mistari myeupe ya chumvi. Jasho lilitoka asubuhi nzima, likikauka kabla hajalihisi. Kule usingoje kiu wala shati kulowa. Kunywa kidogo kidogo njia nzima, na chakula chenye chumvi usikiache.

Huku kwetu shida ni nyingine. Jasho tunaliona, tena latiririka, lakini linalodondoka chini halikupozi. Linalopoza ni lile linalokauka mwilini. Mzee aliyelala chumba cha mabati, madirisha yamefungwa, aweza kulowa godoro na mwili usipoe. Mfungulieni madirisha mawili yanayoelekeana upepo upite, na feni imwelekee yeye, si ukuta.