Elimu ni Amana, Irudishwe kwa Wenyewe
Mwaka 1970 Cheche, jarida la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilichapa makala ndefu ya Ndugu Issa Shivji juu ya mapambano ya kimyakimya ya kitabaka. Kabla mwaka haujakwisha, jarida lilipigwa marufuku. Hoja haikufa: unyonge wetu umefungwa katika mfumo ambao ncha moja iko shambani, na nyingine iko ng'ambo.

Sisi wa Ilembo, Mpanda, mfumo huo tunao mlangoni. Reli ya kutoka Kaliua ilifika hapa mwaka 1950, enzi ya Waingereza, ili ichukue madini ya risasi ya Uruwira. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Ndugu zetu wa Visiwani waliuona katika karafuu: Indonesia, mnunuzi mkubwa, ilipojitosheleza katika miaka ya 1980, bei ilianguka, na mchumaji wa Pemba hakuulizwa neno.

Hata hivyo, kasoro ilikuwapo. Cheche liliandikwa kwa Kiingereza; mkulima aliyetajwa humo hakuweza kulisoma. Hadi leo vijana huja na madodoso, huuliza, huondoka, na majibu hulala makabatini.

Ndugu viongozi, tusiwaogope vijana wanaouliza. Tuwafungulie milango, kisha tuwadai jambo moja: waliyoyagundua wayasome kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa mtaa, kijiji au shehia. Elimu ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe.