Kikao cha simu na akidi yake

Gitega ninayoizungumzia ni ya wilaya ya Nyarugenge, Kigali, isije ikachanganywa na mji mkuu wa Burundi. Ni mmoja kati ya imirenge 416 ya Rwanda, yaani maeneo ya utawala yaliyo chini ya wilaya, na mpango ulioanza kati ya 2008 na 2009 uliupa kila umurenge SACCO yake, chama cha akiba na mikopo. Wanachama hukutana katika mkutano mkuu kuchagua bodi na kupitisha hesabu. Je, wanaweza kukutana kwa simu?

Bodi, ndiyo. Mkutano wa uchaguzi, naona bado.

Korona ndiyo iliyolazimisha swali hili. Rwanda ilifunga shughuli Machi 2020. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ya Kenya iliyaruhusu makampuni yaliyo kwenye soko la hisa la Nairobi kufanya mikutano mikuu mtandaoni, na 2021 Bunge la nchi hiyo likarekebisha sheria yenyewe ya makampuni. Marais wa Afrika Mashariki nao walikutana kwa video tarehe 27 Februari 2021, Kagame akamkabidhi Kenyatta uenyekiti wa Jumuiya. Ila marais wana mafundi pembeni. SACCO ina katibu na bando lake.

Tuanze na masharti ya chama. Kama hayataji kikao cha mtandaoni, mkutano mkuu uyarekebishe kwanza. Mwenyekiti hajipi ruhusa hiyo kwenye kundi la WhatsApp. Taarifa ya kikao itaje saa, ajenda, kiungo cha kuingilia na namba ya kupiga mtandao ukigoma.

Halafu akidi, na hapa ndipo vyama vingi hujikwaa. Katibu aite majina, mjumbe awashe kamera na kuitika, saa aliyoingia iandikwe. Wawili wakichangia simu moja wahesabiwe wawili, mradi wote wameonekana na kusikika. Anayekatika aandikwe dakika aliyotoka. Akidi ikihesabiwa mwanzoni tu, mkopo mkubwa unaweza kupitishwa huku wajumbe watatu wameshapotea hewani, na anayeupinga atakuwa na hoja nzito. Kabla ya kila uamuzi, majina yaitwe upya: ndiyo, hapana, sina upande. Bando lilipwe na chama, kama nauli inavyolipwa.

Uchaguzi unahitaji kura ya siri. Mwenye kitochi hana pa kubofya, na mwenye simu janja anaweza kupiga kura huku anayemdai kamkalia begani. Wagombea wajieleze mtandaoni wakitaka, lakini karatasi ziingie kwenye sanduku ofisini, kwa zamu, siku nzima.

Na kurekodi? Tangu Oktoba 2021 Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, na sauti ya mwanachama anayeeleza deni lake ni taarifa binafsi hasa. Mwenyekiti atangaze kabla ya kubonyeza, aseme rekodi itakaa wapi na itafutwa lini. Kumbukumbu rasmi zibaki kuwa zile zilizosainiwa na mwenyekiti na katibu.