Maneno ya Kuitana katika Tafsiri ya Anime ya Michezo: Mfano wa "Free!" na Mtazamaji wa Tunduma

Ikisiri

Makala haya yanachunguza tatizo la kuifasiri kwa Kiswahili anime ya Kijapani iitwayo "Free!", inayohusu wavulana wa timu ya kuogelea ya shule. Mtazamaji tunayemfikiria ni kijana wa Tunduma, mkoani Songwe, ambaye huipata kazi hiyo kwa kupitia Kiingereza. Hoja yetu ni kwamba ugumu mkubwa haumo katika istilahi za kuogelea bali katika maneno ambayo wahusika huitana. Katika jambo hilo Kiswahili kina nyenzo ambazo Kiingereza hakina. Kwa hiyo tafsiri inayopitia Kiingereza humnyima mtazamaji kitu ambacho lugha yake mwenyewe ingeweza kumpa.

1.0 Utangulizi

Tunduma ni mji wa mpakani. Ng'ambo yake ni Nakonde nchini Zambia, na reli ya TAZARA pamoja na barabara kuu ya kuelekea kusini hupita hapo. Mkoa wa Songwe wenyewe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumega Mkoa wa Mbeya. Kiswahili cha Tunduma hukutana kila siku na Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali, Kinyakyusa na Kibemba, na wasemaji wake wamezoea kusikia jambo moja likisemwa kwa lugha zaidi ya moja.

Filamu za nje humfikia mtazamaji wa namna hii kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni filamu yenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Ya pili ni filamu iliyoingizwa sauti za Kiswahili, kama ilivyofanyika kwa tamthilia ya Kichina "Doudou na Mama Wakwe Zake", iliyoonyeshwa na TBC mwaka 2011, na baadaye kwa tamthilia ya Kituruki "Sultan" katika Azam TV. Ya tatu ni filamu iliyosimuliwa, ambapo msimulizi mmoja huzungumza juu ya picha, akiwasemea wahusika wote na kuongeza maelezo yake. Sanaa hii ilishamiri Uganda, ikaenea Tanzania, ambako Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alikuwa miongoni mwa wasimulizi mashuhuri. Kazi za wasimulizi hutazamwa nyumbani na katika mabanda ya video yanayoitwa kwa mzaha "vibanda umiza".

Katika makala haya tutajishughulisha zaidi na njia hii ya tatu, kwa sababu msimulizi ana uhuru wa kueleza ambao mwandishi wa maandishi ya chini ya picha hana.

2.0 Muhtasari wa Kazi Inayochunguzwa

"Free!" ilitengenezwa na Kyoto Animation na tanzu yake Animation Do, ikiongozwa na Hiroko Utsumi. Msimu wa kwanza ulionyeshwa Japani kuanzia Julai hadi Septemba 2013, ukafuatiwa na misimu ya mwaka 2014 na 2018 pamoja na filamu kadhaa. Hapa tutauzungumzia msimu wa kwanza tu.

Haruka Nanase na Makoto Tachibana ni wanafunzi wa mwaka wa pili katika shule ya sekondari iliyoko kwenye mji mdogo wa pwani. Pamoja na Nagisa Hazuki wa mwaka wa kwanza, wanaanzisha klabu ya kuogelea na kulikarabati bwawa la shule lililokuwa limetelekezwa. Wanampata mwenzao wa nne, Rei Ryugazaki, kutoka katika riadha. Upande wa pili yuko Rin Matsuoka. Walipokuwa watoto, Rin alishinda mbio za kupokezana pamoja na Haruka, Makoto na Nagisa, kisha akaenda Australia kujifunza kuogelea. Sasa amerudi akiwa mpinzani wao katika shule nyingine.

Maji katika hadithi hii si mahali pa michezo tu. Baba yake Rin, aliyekuwa mvuvi, alikufa baharini. Makoto naye anaiogopa bahari kwa sababu ya kifo cha mvuvi mzee aliyemfahamu utotoni. Mtazamaji wa Songwe hahitaji kufafanuliwa hofu hiyo. Mkoa wake unapakana na Ziwa Rukwa, lenye wavuvi na mamba, na katika mazingira hayo maji ni riziki na ni hatari kwa wakati mmoja. Kigeni kwake ni bwawa lenyewe: bwawa la shule, lililogawanywa kwa kamba, ambamo vijana hushindana kwa sekunde.

3.0 Istilahi za Kuogelea

Ugumu unaoonekana kwanza ni wa istilahi, lakini una ufumbuzi. Kilele cha msimu ni mbio za kupokezana za mitindo mchanganyiko, ambapo waogeleaji wanne hufuatana kwa utaratibu maalumu: wa kwanza huogelea chali, wa pili huogelea kwa mtindo wa chura, wa tatu kwa mtindo wa kipepeo, na wa nne kwa mtindo huru. Mtazamaji aliyekwisha kuona mbio za kupokezana vijiti katika riadha huelewa haraka. Akumbushwe tu kwamba majini hakuna kijiti: mwogeleaji hawezi kuondoka jukwaani kabla mwenzake hajaugusa ukuta.

Aidha, Kiswahili kinapata faida isiyotarajiwa. Jina la kazi hii linachezea maana mbili: mtindo wa kuogelea na hali ya mtu kuwa huru. Haruka hukubali kuogelea kwa mtindo huo mmoja tu, na hadithi nzima inauliza uhuru huo una thamani gani kwa mtu aliye peke yake. Neno "huru" hubeba maana zote mbili bila kulazimishwa, na kwa msikilizaji wa Tanzania lina uzito wa historia pia.

4.0 Maneno ya Kuitana

4.1 "Senpai"

Kijapani hubainisha uhusiano wa wasemaji kwa viambishi na vyeo vinavyofuata jina. Rei, wa mwaka wa kwanza, humwita Haruka "Haruka-senpai", yaani aliyemtangulia shuleni. Nagisa, ambaye pia ni wa mwaka wa kwanza, humwita "Haru-chan", kwa kuwa wanajuana tangu utotoni. Tofauti hii ndiyo inayotuonyesha kwamba Rei ni mgeni katika urafiki ulioanza kabla yake.

Baadhi ya tafsiri za Kiingereza huziacha alama hizi na kubakiza jina tupu. Nyingine huzinakili kama zilivyo. Kwa namna ya kwanza mtazamaji huwaona Rei na Nagisa wakiwa sawa. Kwa namna ya pili huona neno asilolijua.

Kiswahili kina "kaka". Katika shule zetu mwanafunzi wa kidato cha juu aweza kuitwa "kaka" bila undugu wa damu, na cheo cha "kaka mkuu" kinathibitisha kwamba neno hili limekwisha kuingia katika taratibu za shule. "Shikamoo" haifai hapa, kwani tofauti ya mwaka mmoja haidai heshima ya kiasi hicho. "Kaka Haruka" hutosha.

Pingamizi moja lapaswa kujibiwa. Rin ana mdogo wake wa kike, Gou, ambaye humwita kaka kwa maana ya damu. Je, neno moja halitachanganya? Sarufi yenyewe hutoa njia. Ndugu wa damu aitwe kwa kimilikishi, "kakaangu", na aliyetangulia shuleni aitwe "Kaka" likifuatwa na jina. Msikilizaji wa Kiswahili huitambua tofauti hiyo.

4.2 "-chan"

Kiambishi hiki hutumika kwa watoto na kwa watu wa karibu. Haruka hakipendi: Makoto anapomwita hivyo, humtaka aache. Kishawishi cha kwanza ni kutumia kiambishi cha udogo. Lugha za Kibantu za eneo hili zina ngeli ya ka-/tu-, na msimulizi wa Tunduma anaweza kuielekea. Hata hivyo, katika Kiswahili ka- juu ya mtu mara nyingi huleta dharau, ilhali Nagisa hadharau.

Njia bora ni ufupishaji wa majina, ambao vijana wetu wameuzoea: Abdallah huwa Dula, Ramadhani huwa Rama. "Haru" limeundwa kwa njia iyo hiyo. Msimulizi akimfanya Nagisa aseme "Haru mwanangu", kama washikaji wanavyoitana mitaani, ukaribu na utani vyote vinabaki. Na Haruka anapokataa, aseme, "Usiniite kitoto."

4.3 Majina na jinsia

Wavulana hawa wote wana majina yanayosikika kuwa ya kike, na Gou ana jina linalosikika kuwa la kiume. Hadithi hufanya utani juu ya jambo hilo. Kiingereza hulazimika kutaja jinsia katika kiwakilishi. Kiswahili hakilazimiki, kwa sababu kiambishi a- ni cha wote. Msimulizi anaweza kuuchelewesha utani hadi wakati wake, kisha akafafanua kwa mfano mmoja: ni kama mvulana kuitwa Neema.

5.0 Hasara ya Kupitia Lugha ya Tatu

Umuhimu wa hoja hii unaonekana mwishoni mwa msimu. Siku ya mashindano ya kanda Rin anashindwa vibaya na kuondolewa katika kikosi cha shule yake. Rei anamwachia nafasi yake, ili wale wanne wa zamani waogelee pamoja tena. Kwa kuwa Rin si mwanafunzi wa shule yao, timu inaondolewa katika matokeo.

Anayejitolea ni yule yule aliyekuwa akisema "senpai" muda wote, yaani asiye na sehemu katika kumbukumbu za wenzake. Akiwa ameitwa na kuita kama wengine tangu mwanzo, kitendo chake ni ukarimu wa kawaida. Akiwa amesema "Kaka Haruka" na "Kaka Makoto" mbele ya Nagisa anayesema "Haru mwanangu", mtazamaji hujua kwamba Rei ameikabidhi nafasi ambayo ndiyo kwanza ameipata.

Msimulizi anayetegemea Kiingereza pekee hupokea maandishi yaliyokwisha kupoteza tofauti hiyo. Si kosa lake. Lakini akisikiliza sauti za Kijapani zinazobaki chini ya picha, anaweza kuzitambua "senpai" na "-chan" bila kuijua lugha yote, na kuzirudisha mahali pake.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika kufasiri "Free!" kwa Kiswahili, istilahi za bwawani hupatikana kwa maelezo mafupi, ambapo maneno ya kuitana hudai uamuzi wa makusudi. Tumeonyesha pia kwamba Kiswahili, kwa utaratibu wake wa heshima na udugu, kiko karibu na Kijapani kuliko kilivyo Kiingereza kinachosimama kati yao. Yafaa wanafunzi wa tafsiri wafunzwe kuisikiliza lugha chanzi hata pale wanapofanya kazi kutoka lugha ya pili. Yafaa vilevile kazi za wasimulizi wa filamu zirekodiwe na kuchambuliwa, pamoja na masuala ya hakimiliki yanayozizunguka, kwani wao hufanya kila siku maamuzi ambayo sisi huyajadili darasani.