Pumzi Isiyoandikwa: Konsonanti p, t, k na ch katika Kiswahili

Wenyeji wa Lamu, Mombasa na Unguja hutamka konsonanti p, t, k na ch kwa namna mbili: mara hutoka kavu, mara hufuatwa na pumzi. Tahajia sanifu haionyeshi tofauti hiyo, na wasemaji wengi wa bara hawaitamki. Hata hivyo si jambo dogo, kwa kuwa hutenga maana. Tukiandika pumzi kwa alama ('), paa huezekwa, lakini p'aa huwindwa. Kaa ni la moto, na k'aa ni wa pwani. Tembo hugemwa, na t'embo ana mkonga. Chungu hupikiwa, na ch'ungu hutambaa.

Pumzi hii yatoka wapi? Tutazame ngeli ya U-. Ubao huwa mbao, ulimi huwa ndimi, udevu huwa ndevu: wingi wajulikana kwa king'ong'o kinachotangulia. Lakini ukuta huwa kuta, na upande huwa pande, wala king'ong'o hakisikiki. Mwalimu humwambia mwanafunzi kwamba kiambishi kimetoweka. Mwenyeji wa Pwani, naye, hutamka k'uta na p'ande. King'ong'o kilipotangulia konsonanti hizi nne zisizo na ghuna kilidondoka, kikaacha pumzi mahali pake. Ndivyo ilivyo katika sifa pia: twasema nyumba mbaya, lakini nyumba k'ubwa.

Yaweza kuulizwa: mbona basi twasema nchi, nta na nyumba mpya? Mashina -chi, -ta na -pya yana silabi moja tu. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na hapa silabi hiyo ni king'ong'o chenyewe. Kwa kubeba mkazo, kimesalia.

Kamati ya Kiswahili iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisanifisha lugha kwa kuegemea Kiunguja, lahaja yenye pumzi hiyo, lakini maandishi sanifu yaliiacha. Hatusemi kwamba tahajia igeuzwe. Msomaji huongozwa na muktadha na upatanisho wa ngeli. Twasema tu kwamba mtunga kamusi na mkusanyaji wa lahaja wapaswa kuionyesha. Mtoto ajifunzaye lugha kwa maandishi peke yake hataisikia pumzi hiyo, na siku itakapokoma kutamkwa, kuta na pande zitabaki kuwa maneno yasiyo na kiambishi, na sababu yake haitasikika tena kinywani mwa mtu.